Mabusu Matatu ya Don Evaristo

Don Evaristo Lanchas alikuwa mwandishi wa ukweli mtupu. Hivyo ndivyo alivyojitambulisha kila alasiri mkahawani Madrid, akikaa na kikombe kimoja cha kahawa mpaka mhudumu aanze kumfagilia miguuni. Hakuachana na daftari lake. Dobi akilalamika, mwashi akikohoa, don Evaristo keshaandika. Mimi, Obdulia, ndiye niliyempigia chapa, maana ofisi ya serikali iliyokagua vitabu kabla havijachapishwa haikupokea mwandiko wa mkono.

Sura ya tisa ya kitabu chake ilimhusu kaka yangu Saturnino. Alianguka kutoka jukwaa la ujenzi, ghorofa ya tano, kwa sababu kamba ilikuwa imeoza na mkandarasi alijua. Mkandarasi akaandika kwenye ripoti kwamba marehemu alikuwa amelewa. Saturnino, ambaye hata harusini alikunywa maji! Mama yetu hakujua kusoma, lakini alitaka jambo moja tu duniani: kitabu kiseme kwamba mwanawe hakuwa mlevi.

"Kitasema, bi Casilda," don Evaristo alimwahidi, mkono kifuani.

Kikwazo kilikuwa mkaguzi, padri mmoja mwenye penseli nyekundu. Ila don Evaristo alikuwa mjanja, au ndivyo wenzake wa mkahawani walivyomdanganya.

"Obdulia, samaki anavuliwa kwa kitu gani?"

"Kwa ndoano, don Evaristo."

"Na chambo! Tunamwekea padri mabusu matatu. Akiyaona mori unampanda, anayakatakata, mkono unachoka, sura ya tisa inapita."

"Na asipochoka?"

"Wewe piga chapa, mwanangu. Fasihi niachie mimi."

Nikapiga. Kaka yangu, aliyeona haya hata kumsalimia muuza mkate, kitabuni akambusu binti mmoja dobi mara tatu kando ya mto Manzanares.

Baada ya miezi minne mswada ukarudi. Sura ya tisa ilikuwa nyekundu yote, na pembeni imeandikwa: "Hispania hakuna kamba zilizooza." Na mabusu? Yote salama salimini. Kando ya busu la pili padri alikuwa ameandika: "Watajwe kuwa wachumba." Basi wakawa wachumba.

Kitabu kikatoka hivyo hivyo, mabusu yamo, kamba haimo. Wake wa wakubwa wakakililia, gazeti likamsifu mwandishi kwa moyo wake mwororo. Don Evaristo alihuzunika sana. Alihuzunika ndani ya suti mpya.

Jumapili moja alikuja kwetu Vallecas na kitabu kwapani, uso wa mfiwa. Mimi sikuwa nimemwambia mama kitu, ningeanzia wapi? Mama alifuta meza mara mbili, akampakulia mgeni dengu pamoja na kipande cha soseji, na kilikuwa kimoja tu.

"Nisomee hapo alipo Nino wangu," mama akaniambia.

Don Evaristo akaikodolea macho sahani. Nilipofungua kitabu nilikutana na busu la pili, lile la wachumba. Nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza wa busu, nikaanza: "Kamba ilikuwa imeoza tangu Februari, na mkandarasi alionyeshwa..."

Sura ile nilikuwa nimeipiga mara nne, kwa kuwa don Evaristo alibadili mawazo kila wiki kuhusu koma. Sikuhitaji karatasi. Nilisema yote mpaka kwenye maji aliyokunywa harusini, huku nikigeuza kurasa kama msomaji wa kweli.

Mama alilia kwa utulivu, aproni usoni. Nami nililia. Kisha akakichukua kitabu, akakifunga kwenye kitambaa chake cha kwenda misa.

"Mungu akuweke, don Evaristo. Kesho asubuhi nampelekea mkandarasi. Yeye kusoma anajua."

Kijiko kikaanguka kwenye dengu. Mwandishi wa ukweli mtupu akanigeukia, macho yakiniomba niseme neno.

"Fasihi nimekuachia wewe, don Evaristo," nikamwambia.