Maji ya Ebo Amissah

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, mipira ya zimamoto kwenye sitaha ya meli kuukuu, gati la mwisho bandarini Takoradi, ilijaa maji yenyewe. Meli hiyo haikuwa na mafuta wala umeme mwaka wa kumi na mbili sasa. Mlinzi wake, mzee Fiifi Bentsil, alishazoea. Saa nne kasorobo alianua suruali zake kambani zisilowe.

Aliyesukuma maji alikuwa Ebo Amissah, fundi wa pampu, aliyefia humo humo melini mwaka wa themanini na moja.

Araba, mjane wa Ebo, alipanda ngazi na masufuria yake ya kupikia kenke, yale mabonge ya unga wa mahindi aliyouza, maana mpira ule una nguvu ya kutoa masizi.

"Leo kachelewa, shemeji," alisema.

"Si unamjua mumeo? Bandarini Santos tulimngoja meli nzima, kumbe yuko kwa kinyozi."

Araba akacheka. Ah, siku zile zilikuwa siku! Meli inang'aa, redio inapiga muziki wa nyumbani, wake wanangoja gatini na vitenge vipya, na Ebo anashuka wa mwisho, kanyoa vizuri kuliko nahodha. Fiifi alizitamani hadi kifua kikamuuma. Alichokumbuka zaidi ni harufu ya rangi, kwa sababu rangi ndiyo iliyokuwa kazi yake melini humo.

Kabla ya kila ukaguzi, aliipaka rangi nyekundu pampu ya dharura, kule chini kabisa mbele ya meli. Alipaka mpya juu ya kuukuu bila kukwangua. Mkaguzi alikuwa akichungulia, anasifu, anatia sahihi, anakwenda kunywa chai. Siku moto ulipowaka, Ebo alishuka kuiwasha pampu, na vali ikakataa kufunguka. Rangi ilikuwa imeigandisha.

Mabaharia walisemezana kwa kugonga bomba na spana. Wa chini akigonga tatu, anauliza: maji yamefika? Wa juu akijibu mbili: yamefika, panda. Akijibu moja: bado, endelea. Fiifi alikuwa juu, kashika mpira mkavu, na alijua fika ni kwa nini ni mkavu. Alijibu moja. Alijibu moja mara nyingi, mpaka chini kukawa kimya. Ripoti ikasema fundi Amissah alisahau kufungua vali, na Fiifi akanyamaza.

Alinyamaza hadi maji yalipoanza kuja. Ndipo alipomweleza Araba. Araba hakupanda meli Jumamosi mbili. Ya tatu alikuja na masufuria.

"Miaka yote naitwa mke wa msahaulifu," alisema. "Mimi umeniambia, sawa. Sasa kawaambie walioandika. Nataka kulisikia jina lake limesafishwa kabla sijafa."

Fiifi alipeleka barua tatu. Hakuna iliyojibiwa. Ndiyo maana Jumamosi hii, mkaguzi Quansah alipokuja kuhuisha cheti cha meli, alimkuta mzee kavaa shati la kanisani.

Saa nne na dakika saba maji yakaja, yakamlowesha mkaguzi viatu.

"Pampu nzuri," alisema Quansah, akiandika. "Nani anaiendesha?"

"Ebo Amissah. Marehemu."

"Ana cheti?"

"Alikuwa nacho. Bwana mkaguzi, nakuomba uandike jambo moja. Hakusahau vali. Niliigandisha mimi kwa rangi, na nikaficha."

Quansah aliigeuza fomu, akaitazama mbele na nyuma.

"Mzee wangu, hapa wanauliza maji yanatoka au hayatoki. Basi."

"Na ile ripoti?"

"Ile ilishafungwa. Nani ataifungua, na wote wameshastaafu?" Akatia sahihi. Alipokuwa akishuka ngazi aliacha kopo moja la rangi mlangoni. "Nimechungulia pale chini, pamechakaa. Pampu ipake nyekundu kabla ya mwezi wa sita."

Mabombani kukasikika milio mitatu. Fiifi akachukua spana akagonga mbili, kama afanyavyo kila Jumamosi. Zikarudi tatu tena.

"Hapandi," alisema Fiifi.

"Atapandaje?" Araba alisugua sufuria bila kuinua macho. "Ripotini imeandikwa vali hajafungua."

Fiifi akagonga mbili tena.