Mkono wa Kushoto

Presi ya kukatia vifuniko vya sufuria ina vitufe viwili, kulia na kushoto, na haishuki mpaka vibonyezwe kwa pamoja. Aliyeiunda alikuwa na akili zake: mikono yote ikiwa kwenye vitufe, hakuna mkono utakaobaki chini ya chuma. Nyapara wetu akaona huko ni kupoteza muda. Akachonga vipande vya mbao, akashindilia kimoja kwenye kitufe cha kushoto cha kila presi, ili mkono mmoja ubonyeze na mwingine ulishe bati. Tuliviita kabari. Asiyetaka kabari alionyeshwa geti.

Asubuhi ile shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa kwenye presi jirani na yangu. Bati likakaa upande. Akaingiza mkono wa kushoto kulinyoosha, na wa kulia, kwa mazoea, ukabonyeza. Chuma kikashuka na kugota palepale. Sauti aliyotoa sijawahi kuisikia, nami nimewahi kushika mikono ya wanawake wakijifungua.

Tulimfikia pamoja, mimi na nyapara. Kitufe chekundu cha kuinua chuma kilikuwa mbele ya pua zetu. Nikanyoosha mkono, akanipiga kiwiko cha kifua nikaangukia rundo la mabati. Nikadhani anataka kukibonyeza mwenyewe. Wapi! Aliinama, akaanza kuchokoa kabari kwa bisibisi. Ilikuwa imekaza. Akaigonga, akaitukana, akaivuta, huku shemeji akining'inia kwa mkono wake na damu ikiwalowesha viatu wote wawili. Alipokwisha kuitia mfukoni ndipo akakumbuka kuna mtu. Chuma kikainuka. Vidole vinne vikabaki juu ya bati.

Nikampiga nyapara kwa spana mdomoni. Nikarudia. Siombi radhi, na wasingenishika ningemmaliza.

Nilifukuzwa siku hiyohiyo. Kiwanda kikamtumia dada ujumbe: mlevi aliyeingiza mkono mwenyewe kwenye mashine isiyo na hitilafu hana fidia. Mlevi! Shemeji pombe anaijua kwa harufu tu.

"Kwa hiyo mume wangu ndiye mwenye kosa?" dada aliniuliza. "Na watoto niwaambie hivyo?"

Mkaguzi wa serikali alipokuja, niliingia nyuma yake kama ndugu wa majeruhi. Nyapara alitupokea na mdomo wake uliovimba. Kabari zote alishazikusanya asubuhi hiyo.

"Mashine hii haishuki bila mikono miwili," alisema. "Jaribu, mheshimiwa."

Mkaguzi akabonyeza kitufe kimoja. Kimya.

"Basi ilishukaje mkono ukiwa ndani?"

"Muulize huyu." Akaninyooshea kidole. "Alikuwa pembeni yake. Wana ugomvi wao wa kifamilia. Yeye ndiye aliyembonyezea."

Niliwatazama wenzangu, kila mmoja akakagua viatu vyake. Nilitaka kuwatukana, nikakumbuka kwamba hata wao wana watoto. Mnyonge hana haki, na pale wanyonge tulikuwa wengi.

"Endeleeni na kazi," mkaguzi aliwaambia. "Niwaone mnavyofanya."

Presi nyingine nazo zikawashwa. Kila mmoja akashika bati kwa mkono wa kushoto, akaliingiza chini ya chuma, na kwa wa kulia akabonyeza. Hakuna presi iliyoshuka. Wakarudia vilevile, mkono mmoja ndani, mwingine kwenye kitufe. Mikono ilikuwa imesahau njia nyingine.

Nyapara hakuona wanachofanya. Aliona kazi imesimama, na kazi ikisimama huwa haoni kingine. Mishipa ya shingo ikamtoka.

"Nyie mmerogwa? Si mtie kabari!"

Mkaguzi akamgeukia taratibu. "Kabari gani?"

Nilitoka nje nikampigia dada simu. Nikamwambia tumeshinda, haki ya mumewe itapatikana, na watoto wajue baba yao hana kosa. Hakushangilia. Alisema mume wake kila akiamka anauliza vidole vyake vilitupwa wapi.