Kadi ya Brandvold

Majira matatu ya baridi Halvorsen, msaka vipaji wa timu ya futiboli ya Kimarekani, aliendesha gari hadi chuo kidogo cha Nebraska kumtazama Brandvold, pande la mtu linalozuia mabeki na bado linadaka mpira. Siku ya timu kuchagua wachezaji, akabandika kadi yenye jina la Brandvold ubaoni. Bosi wake, Kimbrough, akaibandua na kuitupa kwenye ndoo ya taka.

"Viganja vidogo, mzee. Vimepimwa."

"Umewahi kumwona akiangusha mpira?"

"Vipimo ni vipimo."

Raundi ya saba, ya mwisho, Kimbrough akachukua mchezaji wa kupiga mpira kwa mguu tu. Timu iliyofuata ikamtaja Brandvold. Televisheni ikamwonyesha akidaka kwa mkono mmoja, watu wawili wamemng'ang'ania.

Kimbrough akageuka amefura. "Halvorsen, kazi yako nini hapa? Huyu mbona hukuniletea?"

Halvorsen akaiokota kadi ndooni, akambandikia kifuani.