Fuvu Upande wa Ndani

Mwenye nyumba alipomwaga zege ua mzima, alisema anaondoa matope. Matope aliyaondoa kweli, lakini aliondoa na matuta manne ya Mama Pasi, ya spinachi na vitunguu vya majani, kisha akasimama katikati ya ua akitabasamu kama mtu aliyeleta zawadi. Mama Pasi hakugombana naye. Miaka ishirini na sita alikuwa amepiga pasi mashuka ya hoteli, na kwenye kazi ile alikuwa ameungua vya kutosha kujua ni wakati gani wa kuondoa mkono.

Akaenda kutafuta makasha.

Mtaa wa pili palikuwa na ghala lililopokea kila kitu, kuanzia misumari hadi mabeseni. Nyuma yake yalikuwa yamerundikwa makasha ya mbao, yamenyeshewa, yamepauka, mengine yametoka mbavu. Mlinzi alimwambia achukue yaliyo nje ya mstari wa chokaa, ya ndani asiyaguse. Alichukua sita kwa safari sita, kila moja kichwani, na kila safari mlinzi akamuuliza kama anajenga banda la njiwa.

"Natengeneza jeneza lako," alimjibu safari ya nne. "Ila mbao zenyewe fupi, itabidi ukunje magoti."

Mtu mwingine angeyajaza udongo vilevile yalivyo. Mama Pasi hakuweza. Kwa nje mbao zilikuwa zimegandwa na matope na ukungu, kwa ndani zilikuwa safi kama zimetoka kupigwa randa jana. Sasa, mpiga pasi huigeuza suruali nyeusi ndani nje asije akaiunguza upande wa watu. Mazoea hayo yalikuwa yameshamwingia kwenye mifupa. Alizing'oa mbao moja moja kwa nyundo, akazigeuza, akazipigilia tena, uchafu ukatazama ndani na usafi ukatazama watu. Ulikuwa uchafu gani, hakuchunguza. Akatoboa matundu ya maji chini, akajaza udongo na samadi, akayapanga ukutani juu ya zege la mwenye nyumba kama wageni waliokuja kukaa.

Spinachi zikatoka. Na zilipotoka, zilimkuta mtu anazingoja.

Mkwewe alikuwa na mimba ya miezi mitano, na karibu muda wote huo kila alichokula kilikuwa kinapita tu kusalimia na kurudi. Mume wake, mtoto wa pekee wa Mama Pasi, alikuwa dereva wa lori, wiki tatu barabarani na siku nne nyumbani. Alimwacha mkewe kwa mama yake akiwa amekonda mpaka pete imehamia dole gumba. Chakula cha kwanza kilichokubali kukaa tumboni ni spinachi za kwenye makasha, zimechemshwa na chumvi kidogo. Kuanzia siku hiyo alikula asubuhi na jioni, wiki ya tatu sasa, na mashavu yalianza kurudi nyumbani kwao.

"Mwanangu aliniachia mke," Mama Pasi alikuwa akimtania. "Akirudi atakuta mbuzi."

"Mbuzi halipi kodi, Mama. Niletee bakuli lingine."

Jumamosi moja asubuhi ubao wa kasha la tatu ukabanduka. Udongo ulikuwa umelowa ukausukuma, misumari ikachomoka. Mama Pasi aliuokota ili aupigilie tena, lakini ubao wenye matope hakuwa mtu wa kuupigilia hivyohivyo. Akaupeleka bombani, akausugua kwa brashi ya kufulia. Matope yakashuka. Chini ya matope pakatokea jicho, halafu jicho la pili, halafu meno.

Lilikuwa fuvu la mtu, jeusi, kubwa kama sahani, na chini yake mifupa miwili imekatana.

Aliliangalia huku maji yakiendelea kumwagika miguuni. Picha ile kila mtu anaijua. Aliijua tangu chumba cha kufulia hotelini, kwenye madumu yaliyofungiwa kabatini. Akarudi kwenye kasha la nne, akachimbua udongo kwa vidole mpaka kucha zikauma, akaufuta ubao kwa pindo la gauni. Fuvu. La tano, fuvu. Na mizizi ya spinachi imelala juu yake, imenawiri.

Nyuma yake, barazani, akasikia kijiko kikigonga bakuli.

"Weka hilo bakuli chini, mwanangu."

Mkwe aliangalia bakuli, akamwangalia yeye. "Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Zina mchanga."

"Mchanga naupenda. Juzi nimelamba ukuta."

Mama Pasi akalitoa bakuli mkononi mwa mkwe, akaingia ndani, akachukua na sufuria, akamwaga vyote kwenye ndoo ya takataka. Akafuta mikono kwenye gauni. Alipotoka, alimwinamia mkwe usoni.

"Kichwa kinauma?"

"Hapana."

"Tumbo? Huoni kizunguzungu? Huoni vitu viwiliviwili?"

"Namuona mama mkwe mmoja, na huyo mmoja ananitosha. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Kunywa maji. Usile chochote cha kwenye makasha mpaka nirudi."

Hotelini mfuaji mmoja aliwahi kunywa dawa ya kutolea madoa akidhani ni maji, na swali la kwanza la daktari lilikuwa: dawa gani? Nileteeni dumu. Walipoteza saa nzima kulitafuta. Kwa hiyo Mama Pasi aliufunga ubao ndani ya taulo, akautia kwapani, akaenda kulitafuta dumu lake kwanza. Hakukimbia, maana magoti yalishakataa kukimbia tangu zamani, lakini waliompisha njiani walipisha haraka. Njia nzima alikuwa anapiga hesabu: wiki tatu, asubuhi na jioni, na bakuli analoongeza. Na kila bakuli amelipakua yeye, kwa mkono wake, akimsihi mtoto wa watu amalize.

Mlinzi alimuona akaanza kucheka. "Umerudisha jeneza?"

"Niitie mtu anayejua makasha haya yalibeba nini."

Mlinzi akamtazama vizuri, akaacha kucheka, akaenda kumwita mtunza stoo. Akaja mzee mfupi wa miwani, na shada la funguo kiunoni lililomtangulia kwa kelele. Mama Pasi hakumsalimu. Alifungua taulo.

"Hii ni sumu gani? Mke wa mwanangu ana mimba, na amekula mboga zilizoota humu wiki tatu. Niambie jina lake nimpeleke hospitali nalo. Usinifiche, baba, sikuja kushitaki mtu."

Mtunza stoo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Uso wake ulikuwa na aibu.

"Hilo fuvu ni langu," alisema.

"Lako vipi?"

"Nimelichora mimi. Makasha haya yalileta vikombe. Vikombe vya chai, na sahani zake. Wapagazi walikuwa wananiibia makasha wakachome kuni, nikapiga kelele mwaka mzima hakuna anayesikia. Nikakata tundu la umbo la fuvu kwenye boksi, nikapakia weusi juu ya kila kasha. Tangu siku hiyo halijapotea hata moja, mpaka tulipoyatupa wenyewe."

Mama Pasi alimkazia macho. Alitaka kuamini kiasi kwamba alijiogopa. "Kila mtu akiulizwa atasema hivyo."

"Njoo."

Akamwingiza stoo. Ukutani palining'inia kipande cha boksi chenye fuvu lililokatwa, kingo zake nyeusi. Pale kwenye meno jino moja lilikuwa limechanika, pengo likawa pana. Mama Pasi akauinua ubao wake. Pengo lilikuwa palepale. Kisha mzee akamfungulia kabati lake la kuwekea chakula: mlangoni fuvu, pengo lilelile, na ndani yake sukari na mkate.

"Hata mkate umeuwekea sumu," mlinzi alisema akiwa mlangoni. "Ndiyo maana sijawahi kuugusa."

"Hilo nililichora kwa ajili yako," alisema mtunza stoo.

"Na rangi yenyewe?" Mama Pasi aliuliza. Sauti ilikuwa imeanza kulegea, lakini bado hakuachia. "Rangi nayo ina sumu."

"Rangi ninunue kwa ajili ya wezi? Ni masizi ya sufuria na mafuta ya kupikia."

"Lamba."

"Nini?"

"Lamba, nikuone."

Mtunza stoo aliuangalia ubao, akamwangalia mama yule aliyelowa miguu, kucha zimejaa udongo. Akaushika ubao kwa mikono miwili, akalilamba fuvu kuanzia kidevuni hadi kwenye paji la uso, taratibu, kama mtu anayetimiza adhabu anayoistahili. Alipoinua kichwa ulimi ulikuwa mweusi.

"Linahitaji chumvi," alisema.

Hapo Mama Pasi hakungoja kuletewa kiti. Alikaa juu ya gunia la misumari, na hata misumari hakuisikia. Alishusha pumzi moja ndefu, halafu nyingine, halafu akajikuta anacheka na machozi yanamtoka kwa pamoja, na mlinzi akakimbilia maji kwa sababu hakujua kingine cha kufanya.

Alirudi nyumbani polepole. Mkwe alikuwa palepale barazani, mikono juu ya tumbo, uso umekunjamana. Mama Pasi alimsimulia yote, kuanzia bombani hadi kwenye ulimi mweusi.

"Ulikuwa unaogopa peke yako saa zote hizo," mkwe alisema.

"Ningekuogopesha na wewe, tungepata faida gani?"

"Tungeogopa wawili, Mama. Siku nyingine niambie."

"Nitakuambia."

"Kwa hiyo chakula changu kimemwagwa kwa ajili ya masizi ya sufuria."

"Kimemwagwa."

"Na mchuzi wake?"

"Na mchuzi wake, mwanangu."

Mkwe akainuka, akachukua kisu, akaenda kwenye kasha la kwanza, akaanza kuchuma. Mama Pasi alimfuata na sufuria tupu, na safari hii alichuma za watu wawili, kwa sababu tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni na ndiyo kwanza alihisi njaa.