Tuliuza Kabati, Hatukuuza Piano

Kwetu, ng'ambo ya reli ukitoka Gulwe, mavuno yananadiwa nje ya kanisa baada ya ibada. Kila mtu analeta alichojaliwa, debe la uwele, boga, kuku aliyefungwa miguu. Vikishaombewa, mwenyekiti wa kamati anavinadi na anayetaka ananunua. Mwaka ule vitu vilikuwa vichache. Mbegu tulizoahidiwa zilifika mvua ikiwa imeshakata, maana wakubwa wana kalenda yao na Mungu ana yake. Kamati ikaona aibu, ikafungua stoo ya kanisa, ikatoa mabati ya zamani, mlango usio na bawaba, na kabati moja pana, jeusi, zito kama deni.

"Kabati!" akapaza sauti Lameck, mwenyekiti wetu. "Kabati la Wazungu wa karanga! Mchwa hali, panya hapiti!"

Wazungu wa karanga ni wale waliokuja Kongwa zamani na matrekta yao kulima karanga za kulisha Ulaya, jua likawashinda, wakaondoka wakaacha vyuma na makabati. Hata wao walikuwa wakubwa tu. Hawakumuuliza mwenyeji mvua inanyesha lini.

Kabati lilikuwa limefungwa na ufunguo ulishapotea, lakini mimi nilikuwa na shida nalo. Panya walikuwa wanamaliza karanga zangu za mbegu. Nikatoa beberu wangu. Hakuna aliyeshindana na mimi.

"Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, kabati la Mzee Elieza!" Watu wakapiga makofi, nami nikaenda kumwita Halfani.

Halfani ni fundi baiskeli, Mrangi wa Kondoa. Alikuja huku kufuata ufuta, akaoa, akabaki. Yeye msikitini, mimi kanisani, lakini mkokoteni wake hauna dini. Tukapakia kabati, tukawaswaga ng'ombe. Tulipokuwa tunavuka reli gurudumu likaruka, na ndani ya kabati kikalia kitu: ngoooong! Ng'ombe wakasimamisha masikio.

"Mzee Elieza," akasema Halfani, "kabati lako lina njaa."

"Swaga ng'ombe."

"Naswaga. Lakini kama lina jini, mimi sikulinadi."

Tulipofika nyumbani akalifungua kwa bisibisi. Kifuniko kilipoinuka tukaona meno. Meupe na meusi, mengine yamebanduka, mstari mzima, kama kabati linatucheka. Nikabonyeza moja. Ngong. Nikabonyeza jingine. Kimya, halafu panya akatoka chini akakimbilia jikoni.

"Hii ni piano, mzee," akasema Halfani. "Niliiona hotelini Dodoma mjini, nilikwenda kupeleka ufuta. Inapigwa na mtu aliyevaa viatu vinavyong'aa."

Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake. Ukweli ni kwamba uwanja wangu ulikuwa umenyamaza. Mke wangu Raheli alifariki mwaka juzi. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mkubwa mmoja harusini, tukalisubiri mpaka Raheli akachoka kusubiri. Baada ya matanga watu walikunja mikeka wakaondoka, na uwanja ukabaki wa kuku. Sasa nimebonyeza meno mawili tu, na tayari jirani yangu wa kulia alikuwa amechungulia juu ya ua.

"Mbukwenyi!" akasalimu kwa Kigogo. "Kuna nini huko?"

"Kabati," nikamjibu. "Ingia."

Tukaanza kazi. Halfani alikuja kila alipofunga kibanda chake. Tuliondoa kiota cha panya, na kumbe walikuwa wamejijengea kwa vitambaa vya kwaya. Vinyundo vya ndani, vile vinavyopiga nyuzi, vilikuwa vimeliwa manyoya yake yote, tukavivisha vipande vya blanketi. Badala ya nyuzi zilizokatika Halfani aliweka nyingine, akichambua waya wa breki za baiskeli unyuzi mmoja mmoja. Meno yaliyobanduka nikayapaka chokaa. Ikawa ukipiga, vidole vinabaki vyeupe.

Shemeji yangu Penina, mdogo wake Raheli, alipita kuniletea mlenda akatukuta tumeinama ndani ya piano, miguu nje.

"Yesu! Mmetafuta mke mmekosa, sasa mnaoa sanduku?"

"Shikamoo kwanza," nikasema.

"Shikamoo, shemeji. Hiyo kitu inalia?"

"Inalia, ila kila unyuzi unalia kivyake."

Hapo ndipo ilipokuwa shida. Nyuzi zinakazwa kwa vijiti vya chuma vyenye kichwa cha mraba. Halfani alichonga spana ikavikamata vizuri, lakini ukaze mpaka wapi? Sauti ipi ndiyo sauti? Nikaingia ndani nikatoa marimba ya marehemu baba, ile ya kushika mapajani na kupiga kwa vidole gumba. Sauti zake nazijua tangu nanyonya.

Basi nikawa napiga ulimi mmoja wa marimba, Halfani anakaza, Penina anasikiliza. "Bado. Bado. Umepitiliza, rudi. Hapo hapo!" Ndimi za marimba zilipokwisha na meno ya piano bado yapo, tukaanza upya. Yale meno meusi tukayapa sauti za majirani zao, yasijione yametengwa. Tuliona tumefanya jambo la akili sana.

Na watu wakaja! Sikuwaita. Wanawake waliotoka kisimani waliweka ndoo chini. Penina akaleta ngoma zao za muheme, wanazibana mapajani wanapiga. Mimi nikapiga nyimbo zetu za mavuno kwenye piano kwa vidole viwili, wao wakadaka sauti, moja juu, moja chini, moja inazunguka katikati, mpaka kuku wakahama uwanja. Halfani, ambaye hajui neno hata moja la Kigogo, akacheza kwa mabega.

"Unacheza kama unapepeta ufuta!" Penina akampigia kelele.

"Ndiyo kazi niliyokuja nayo!"

Chokaa ndiyo iliyotuumbua. Jumapili Lameck alisimama mlangoni kusalimia waumini, kila mkono anaoshika una vidole vyeupe. Akatazama kiganja chake. Akafuata chokaa hiyo mpaka kwangu.

Alizunguka piano mara mbili, mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Mzee Elieza, hii ni piano."

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Kwenye mnada tuliuza kabati. Hatukuuza piano."

"Mimi nilitoa beberu, na beberu mmeshamla."

"Beberu alikuwa wa kabati. Tutakupa beberu mwingine. Piano ni mali ya kanisa, itarudi."

"Irudi wapi? Stoo? Ikae chini ya mifuko ya saruji?"

"Mpaka tukijenga ukumbi."

"Ukumbi huo mnaujenga tangu nina meno yangu yote, mwenyekiti. Sasa piano ina meno kunishinda."

Watu wakacheka. Mkubwa akichekwa ndio anakuwa mbaya zaidi. Lameck akaita wazee, wakakaa, na wakatoa hukumu ambayo niliitambua kuwa ni ya kamati, maana ilikuwa na mtego ndani. Jumamosi aje mwalimu wa kwaya kutoka Mpwapwa, aijaribu. Ikipiga, ni piano, inakwenda kanisani. Isipopiga, ni kabati, Elieza aweke karanga zake.

Umeuona mtego? Tumemtibu mgonjwa ili wamchukue akipona. Na kama angebaki mgonjwa, ningebaki naye.

Ijumaa mchana Halfani akaja na gunia la pumba.

"Tunaishindilia," akasema. "Nyundo zikikosa nafasi, hazipigi. Mwalimu akija anabonyeza, puu, puu, puu. Kabati! Jumatatu tunazitoa."

Nikakubali haraka. Wakubwa wametudanganya miaka yote, na mimi wacha niwadanganye siku moja. Tukafungua ubavu, tukaanza kushindilia. Tulikuwa tumefika nusu Penina alipoingia na ngoma yake kwapani.

"Mnailisha?"

Halfani akamweleza. Penina akabonyeza jino la upande ulioshindiliwa. Puu. Akabonyeza tena. Puu.

"Haya," akasema. "Umepata kabati lako, shemeji. Na Jumatatu mkizitoa, Lameck hatasikia? Ana masikio kuliko sungura. Kwa hiyo utaiacha hivyo hivyo, na sisi tukija hapa tuje kufanya nini? Kuangalia karanga zako?"

 Akakaa na ngoma yake, akapiga kidogo, taratibu, akasubiri. Mkono wangu wenyewe ukaenda kwenye piano kumjibu. Puu.

Nilichukia sauti ile kuliko nilivyomchukia Lameck. Nikaingiza mkono ndani nikaanza kuchota pumba.

"Mzee," Halfani akasema, "watakuja kuichukua."

"Waichukue ikiwa inaimba. Na Lameck aibebe mwenyewe, nione mgongo wake."

Jumamosi uwanja ulijaa mpaka njiani. Mwalimu Emiliana alishuka kwenye pikipiki, binti mchangamfu, akanipa shikamoo kwa goti, akafuta kigoda kwa kanga, akakaa. Lameck alikuwa amekuja na mkokoteni tayari, na wabebaji. Hakuona hata aibu kuja nao kabla ya jaribio.

"Piga wimbo wa tenzi, mwalimu," akaamuru. "Wowote, tuuimbe."

Akaanza. Sauti ya kwanza nzuri, ya pili nzuri, Lameck akatazama wabebaji wake akatikisa kichwa kwa kuridhika. Watu wakavuta pumzi waimbe. Ya tatu ikapanda mahali ambapo haikuitwa. Ya nne ikagoma kupanda kabisa. Wale walioanza kuimba wakagongana, mmoja akaenda na piano, mwingine akabaki na tenzi, na mzee mmoja wa besi akatumbukia katikati. Emiliana akaacha, akarudia. Tenzi ikatoka inachechemea tena, kama ng'ombe aliyekanyaga mwiba.

"Ngoja," akasema. "Do ipo. Mi ipo. So ipo. Fa iko wapi?"

"Imeliwa na panya," akasema Halfani.

Kicheko kikapasuka. Hata wabebaji. Emiliana mwenyewe alicheka akafunika uso, vidole vyake vikamwachia chokaa kwenye mashavu. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeelewa tulichofanya. Tulifuata marimba, na tenzi zimetungwa kwa ngazi nyingine ya sauti. Piano yetu ilikuwa inajua Kigogo tu.

Lameck hakuona cha kuchekesha. Alikuwa ameahidi watu piano, akaona uso wake unachafuka mbele ya mgeni. Akanyoosha kidole.

"Mmeiharibu! Hii siyo piano! Hii ni marimba iliyovaa koti!"

Halfani akaruka juu. "Mmemsikia mwenyekiti?"

"Tumemsikia!" wakajibu.

"Amesema siyo piano?"

"Amesema!"

"Kanisa linadai nini?"

"Piano!"

"Na hii ni nini?"

"Marimba!" Uwanja mzima, na mzee wa besi chini kabisa, peke yake, amechelewa: "Marimbaaa."

 Neno limetoka mdomoni mwa Lameck, mbele ya wazee, mbele ya mwalimu. Niseme kweli, nilimsubiria aligeuze, maana wakubwa ndivyo walivyo, neno lao lina milango miwili. Akatazama wabebaji, akatazama piano. Akapumua.

"Wekeni mkokoteni kivulini," akawaambia. "Marimba hatukuidai."

Nikashika ubavu wa piano.

Emiliana hakuwa akitusikiliza. Alikuwa bado anabonyeza, anatafuta, ananusa zile sauti moja moja kama mtu anayechagua nyanya. "Lakini ni nzuri," akasema. "Mzee, nionyeshe inavyokwenda." Nikamwonyesha kwa vidole vyangu viwili. Yeye akazitia zote kumi, na sauti za juu zikaanza kukimbizana na za chini, sijawahi kusikia kitu kama hicho. Penina akabana ngoma mapajani. Wanawake wakaingia, moja juu, moja chini, moja inazunguka. Vumbi likainuka. Mmoja wa wabebaji akavua viatu.

Jua lilipopungua makali Lameck akanisogelea, akanivuta kando.

"Mzee Elieza. Sikukuu ya mavuno ijayo, hiyo marimba ingeweza kuja kanisani? Siku moja tu."

"Ikivushwa reli inateguka, mwenyekiti. Njooni nyinyi huku."

"Watu wote hawa watakaa wapi?"

"Nyinyi ndio kamati. Mtajua."

Akaondoka amenuna. Lakini wiki iliyofuata mkokoteni ule ule ulirudi umejaa mabenchi ya kanisa, na barua ya mdomo kwamba ni ya kuazima tu, yarudishwe mara moja. Hayajarudi. Kila Jumapili mchana Lameck anakuja kuyadai. Anaingia na hasira zake, anakuta tumeshaanza, hawezi kuongea juu ya ngoma, basi anakaa kwenye benchi mojawapo kusubiri tumalize. Hatumalizi.