Mita Isiyo na Ndugu

Mita ya umeme ilionyesha volti kumi na mbili, na mume wangu akamtazama kaka yangu kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani kwapani.

"Courant inafika," Azzan alisema. "Basi shida ni pompe. Na pompe nilikupa mupya."

Tulikuwa uani kwa kaka yangu Tajudini, mtaa wa Bwiza, kiti cha nyuma cha gari kimeng'olewa, waya wa pampu ya mafuta umechomolewa. Wiki iliyotangulia Tajudini mwenyewe ndiye aliyeifunga pampu hiyo, halafu jana yake gari likanizimikia mtaa wa Kigobe pamoja na binti yetu Ghada. Azzan hakugomba. Alikwenda dukani kwa Atumani, muuza vipuri, kununua kipimo chake mwenyewe. Atumani akamwekea mbele mita ya namba na taa ya kupimia, ile ya mafundi, achague. Azzan aliisukuma taa kando. Hiyo, alisema, humwakia fundi anayeishika vile apendavyo.

"Hii mita haina ndugu," aliniambia tulipokuwa tukienda, na nilimwelewa vizuri. Ikithibitika Tajudini ameuza pampu mpya na kutufungia kuukuu, asingekanyaga tena nyumbani kwangu, hata Idi.

Nami, nisiseme uongo, roho haikutulia. Tajudini huyu aliwahi kuuza redio ya marehemu mama huku akitusaidia kuitafuta. Nilimkagua macho, mikono, hata viatu vyake, ambavyo vilionekana vipya kupita kiasi.

"Shemeji," Tajudini alisema, "mita inauliza tu kama courant iko. Haiulize kama iko na nguvu. Acha nilete taa yangu."

"Taa yako, apana."

Kaka yangu alizunguka mbele ya gari letu, akafungua boneti, akachomoa balbu ya taa kubwa na kumwekea Azzan kiganjani.

"Hii ampule ni ya nani?"

Azzan aliigeuzageuza. "Yangu."

"Basi shika we mwenyewe, gusisha fili hizi mbili za pompe," alisema akimwonyesha nyaya zilizochomolewa. "Houda, zungusha ufunguo."

Nilizungusha. Balbu ilipata wekundu hafifu, kama kaa linalozimika. Azzan akaweka mita palepale: kumi na mbili. Akarudia balbu: wekundu uleule. Tajudini akaufuata waya kwa vidole chini ya zulia mpaka kwenye kiungo kilicholowa miezi michache nyuma, tulipovuka maji ya mafuriko. Kutu ya kijani ilikuwa imekula nyuzi zote, umebaki mmoja. Uzi huo ulitosha kuiridhisha mita, ila kuizungusha pampu haukuweza.

Alipouunganisha upya, balbu iliwaka mpaka Azzan akafumba macho, na gari likanguruma.

"Rudisha ampule yangu," Azzan alisema. Njiani ndipo akaongeza, "Mwambie kaka yako, Idi tunamungoja."

Alikuja, na anakuja kila Idi. Anakula pilau, anambeba Ghada mgongoni, anataniana na shemeji yake. Akiaga, husimama mlangoni na kuigeuza mifuko ya kanzu nje, mmoja baada ya mwingine. Azzan hucheka mpaka machozi yamtoke. Mimi hungoja kaka yangu airudishe ndani, ndipo nifunge mlango.