Gauni Jekundu la "Mlango Sijaufunga"

Selina Haigh alikataa katakata kuvaa nyeusi. Mumewe yuko hai huko vitani Ufaransa, barua zake zinakuja, halafu yeye ajivike ujane kwa ajili ya picha? Huo ni uchuro.

"Nani kasema uvae nyeusi?" Bwana Thackray, mpiga picha, alicheka huku akipangusa kioo cha kamera. "Vaa lile lako jekundu la Pentekoste. Kamera yangu haiijui nyekundu, dada. Inaitoa nyeusi tii."

Katika mji wao wa viwanda vya sufu, Yorkshire, karibu kila mtu alishawahi kusimama mbele ya kamera ya Thackray kwa ajili ya picha za nyimbo, zile zinazochapwa kwenye jalada la karatasi za muziki. Muuza nyama alikuwa ameshakufa vitani mara tatu, mbele ya pazia lililochorwa mahandaki, na Jumatatu yuko dukani anakata mbavu. Basi Selina akalivaa gauni alilonunuliwa na mumewe, Irvin, akasimama kwenye mlango wa mbao usio na nyumba nyuma yake, akatazama mbali. Alikuwa anawaza viazi alivyoviacha jikoni.

Wimbo uliitwa "Mlango Sijaufunga". Aliutunga bwana mmoja wa London, kati ya chakula cha mchana na chai, na hakuwa na mtu vitani, hata paka. Lakini aliwajua watu. Mke anauacha mlango wazi kwa ajili ya mume ambaye kila msikilizaji anajua harudi. Ubeti wa tatu sauti inapanda, chumba kizima kinatafuta leso. Karatasi zake za muziki zilichapwa, zikaisha, zikachapwa tena. Kufikia Aprili 1917 ilikuwa shida kupata piano isiyo na Selina juu yake, mjane mzuri wa kusikitisha. Wenzake kiwandani wakamwita Mama Mlango. Na yeye, tuseme ukweli, alifurahi.

Kisha ikaja barua ya Irvin.

"Nimekuona kwenye piano ya kantini. Umenivalia nyeusi, Selina. Mwanzoni nilicheka na wenzangu. Sasa wananiita Marehemu. Marehemu, lete chai. Marehemu, zamu yako. Wiki iliyopita wamekufa wawili niliolala katikati yao, na tangu hapo hakuna anayecheka, wala anayetaka kulala karibu yangu. Waambie waitoe hiyo picha. Mke wangu, silali."

Selina alitoka mbio na aproni yake, manyoya ya sufu yamemjaa kichwani, hadi kwa Thackray.

"Itoe!"

"Si yangu tena, dada. Niliiuza London. Iko nchi nzima."

"Basi nipige nyingine. Nikicheka. Waibadilishe."

"Nani atanunua mjane anayecheka?" Alipomwona uso, Thackray akajuta. "Mwandikie. Mweleze habari ya nyekundu."

"Wewe ungeamini?"

Thackray akainama, akamsogezea kalamu.

Selina akaandika palepale. Ni lile gauni, Irvin, lile ulilosema nikilivaa nafanana na gari la zimamoto. Kisha akarudi nyumbani, akapindua upindo wa gauni, akakata kipande cha kitambaa kwa ndani, akakitia ndani ya bahasha kiwe ushahidi.

Jibu halikuja. Wimbo ndio uliokuja kila mahali. Jumamosi moja aliingia kwenye duka la muziki, akaanza kuzigeuza karatasi moja moja, uso wake uangalie ukuta, mpaka mwenye duka akamshika mkono. "Mama Mlango, una wazimu?" Ndiyo, alikuwa nao.

Katikati ya Mei ililetwa bahasha ya serikali. Irvin ameuawa, tarehe tatu. Barua yake ilifika au haikufika, hakuna aliyejua, na hilo ndilo lililomla. Akilini alimwona amelala kwenye tope akiamini kwamba mkewe alishamzika mapema, tena kwa kujipamba.

Mjini kwao mtu hakununua nguo za msiba wakati mapipa ya rangi yako jirani. Alilipeleka gauni kwa Mzee Broadbent, mtia rangi wa kiwandani, alitie nyeusi.

"Una hakika, binti? Likishaingia humu halirudi."

"Tia."

Wiki ya sita tangu bahasha ile ukaja mfuko mdogo wa vitu vya Irvin: kitana, kiko, na karatasi ya muziki iliyokunjwa mara nne. Selina alipoutambua wimbo aliisogeza karatasi kwenye moto aichome. Kisha akaifunua.

Pichani, gauni lilikuwa jekundu. Irvin alikuwa amelipaka rangi kwa penseli nene nyekundu, ya aina wanayoandikia makarani wa jeshi, kuanzia shingoni mpaka chini, taratibu, bila kuvuka mstari hata mahali pamoja, yeye ambaye saini yake tu ilikuwa ikipanda na kushuka. Pembeni alikuwa amekibana kwa pini kile kipande cha kitambaa.

Selina akalia kwa sauti mpaka jirani akaja. Alimkuta sakafuni, amevaa gauni lake, amepindua upindo pale alipokata, anatafuta walau uzi mmoja uliobaki mwekundu. Mzee Broadbent alikuwa fundi hasa. Selina hakuupata.